Wayahudi wa Montreal mbele ya utaifa wa Quebec

Mwaka 1903 bunge la Quebec, jimbo la Kanada ambalo wengi wake huongea Kifaransa, lilipitisha sheria iliyosema kwamba, kwa mambo ya shule, Myahudi atahesabiwa kuwa Mprotestanti. Anayetaka kuelewa kwa nini Wayahudi wa Montreal waliupokea utaifa wa Quebec jinsi walivyoupokea na aanzie hapo, wala si kwenye kura ya maoni ya 1995 ya kujitenga na Kanada kama ilivyo desturi ya magazeti.

Kifungu cha 93 cha katiba ya Kanada ya 1867 kililinda mifumo miwili ya shule Quebec, ya Wakatoliki na ya Waprotestanti, na hakuna wa tatu. Shule za Kikatoliki za Kifaransa zilikuwa mikononi mwa Kanisa, na mtoto wa Kiyahudi hakuwa na nafasi humo. Za Waprotestanti zilifundisha kwa Kiingereza. Basi mtoto aliyetoka Urusi au Romania akiongea Kiyidishi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, aliingia darasani Mtaa wa Saint-Urbain akatoka Mwingereza wa lugha. Wazazi walilipa kodi ya shule bila kuwa na mjumbe kwenye bodi. Kesi ilifika hadi Baraza la Mfalme huko London, ambalo mwaka 1928 lilisema Quebec inaweza kuanzisha shule za Kiyahudi ikitaka. Mwaka 1930 tume ya shule za Kiyahudi ikaundwa, maaskofu wakapinga kwa nguvu, na mwaka uliofuata mpango mzima ukazimwa. Watoto wakarudi kwa Waprotestanti.

Kwa hiyo wazalendo wa miaka ya 1960 walipouliza kwa nini Wayahudi hawa wamejiunga na upande wa Waingereza, jibu lilikuwa kwenye vitabu vya sheria vya Quebec yenyewe. Hawakuchagua upande, walipangiwa.

Kulikuwa pia na kumbukumbu. Ipo nzuri: mwaka 1832 bunge la Lower Canada, ndiyo Quebec ya wakati huo, likiongozwa na wazalendo wa Louis-Joseph Papineau, liliwapa Wayahudi haki sawa za kisiasa, miongo kadhaa kabla ya Uingereza. Lakini waliokuwa hai mwaka 1976 walikumbuka zaidi miaka ya 1930, wakati wa kampeni ya kununua kwa Wafaransa wenzako tu, wakati wa magazeti ya Adrien Arcand, kiongozi wa Wafashisti, na wakati wa mgomo wa Juni 1934. Mgomo huo unastahili kuelezwa. Hospitali ya Notre-Dame ilimwajiri Dakta Samuel Rabinovitch, mhitimu bora wa Université de Montréal, awe daktari mwanafunzi. Wenzake Wafaransa wakaweka vifaa chini wasifanye kazi na Myahudi, mgomo ukaenea hospitali nyingine, na baada ya siku chache Rabinovitch akajiuzulu mwenyewe ili wagonjwa wasiteseke. Ilikuwa chuki ya Kikatoliki ya zamani hiyo, na utaifa uliokuja baadaye ulikuwa wa watu waliokwisha kulipa Kanisa kisogo. Ila kwa aliyeuona ule wa kwanza, tofauti hiyo haikuwa rahisi kuiona kutoka dirishani.

Parti Québécois (PQ), chama kinachotaka Quebec ijitenge na Kanada, ilianzishwa 1968 na René Lévesque, mwanahabari aliyeingia kambi ya Dachau pamoja na jeshi la Marekani mwaka 1945 na kuona kwa macho yake kilichofanywa humo. Viongozi wa Kiyahudi walilijua hilo, na wengi walimheshimu mtu huyo huku wakikiogopa chama chake. Hofu ilipanda mwaka 1970, FLQ, kundi lililotaka kujitenga kwa mabavu, lilipomteka mwanadiplomasia James Cross na kumuua waziri Pierre Laporte, na ikafika kileleni wiki ya uchaguzi wa Novemba 1976.

Tarehe 14 Novemba, siku moja kabla ya kura, Charles Bronfman, tajiri wa kampuni ya Seagram na mmiliki wa timu ya besiboli ya Expos, aliuambia mkutano wa viongozi wa jumuiya kwamba PQ wakishinda ataondoa mali zake Quebec. Kesho yake PQ walipata viti 71 kati ya 110. Bronfman aliomba radhi, na yeye na Expos wakabaki. Timu iliondoka Montreal mwaka 2004, ilipokuwa imeshauzwa zamani. Maneno yake, hata hivyo, yaliendelea kuzunguka kwa miaka kama ushahidi kwamba Wayahudi wanatumia pesa kutisha wapiga kura. Kauli moja ya saa chache ilihitaji miaka ya kuifuta.

Upande wa pili nao ulizua yake. Jarida moja la Marekani liliandika kwamba usiku wa ushindi umati wa PQ uliimba wimbo wa Wanazi uliotafsiriwa Kifaransa. Haikuwa kweli. Ulikuwa wimbo wa kampeni uliotungwa Quebec kwa ajili ya chama, na maneno yake machache yalifanana na ya wimbo wa filamu moja ya Marekani, ambao nao ulitungwa na watunzi wa maigizo wa New York, si Wanazi. Waandishi wakubwa waliurudia uvumi huo kwa zaidi ya muongo mmoja. Kila mara uliporudiwa, Mfaransa wa kawaida wa Quebec, ambaye alikuwa ameucheza wimbo huo barabarani, alijiona ametukanwa bure. Naona kosa hili liliwagharimu Wayahudi kuliko la Bronfman, kwa sababu Bronfman alikiri.

Tarehe 26 Agosti 1977 ikaja Sheria ya 101, Mkataba wa Lugha ya Kifaransa. Wengi huitaja bila kujua inavyofanya kazi. Shule ya umma ya Kiingereza, au ya binafsi inayopokea ruzuku, haiwezi kumpokea mtoto bila hati ya kustahiki. Hati hiyo haitolewi kwa lugha ya nyumbani wala kwa matakwa ya mzazi, bali kwa historia ya shule: mzazi mmoja awe amesoma sehemu kubwa ya elimu yake ya msingi kwa Kiingereza. Mwanzoni ilikuwa lazima iwe Quebec. Baada ya Mkataba wa Haki wa Kanada wa 1982 na hukumu ya Mahakama ya Juu ya 1984, popote Kanada ikatosha, mradi mzazi ni raia. Maombi hupitia shuleni, yakiambatana na cheti cha kuzaliwa cha mtoto, uthibitisho wa uraia na rekodi za masomo za mzazi. Panapokwama mara nyingi ni hapo kwenye rekodi, kwa mfano pale shule aliyosoma mama ilipofungwa miaka mingi iliyopita.

Sasa tazama hesabu hiyo inavyowaangukia Wayahudi. Familia iliyokaa Montreal tangu vita vya kwanza ina hati, na itaendelea kuirithisha. Familia iliyotoka Israeli, Urusi, Afrika Kusini au New York, hata kama nyumbani wanaongea Kiingereza peke yake, haina. Ndani ya sinagogi moja watu wakagawanyika makundi mawili ya kisheria, na jumuiya iliyozoea kukua kwa wahamiaji ikajua kwamba kila mgeni atakayekuja atasomesha kwa Kifaransa.

Sheria hiyo iligusa pia kazi. Daktari, mwanasheria, mhandisi au muuguzi hapati leseni bila Kifaransa cha kutosha kufanyia kazi. Aliyesoma miaka 3 ya sekondari au zaidi kwa Kifaransa hasumbuliwi, na mhitimu wa sekondari ya Quebec tangu 1986 vivyo hivyo. Asiyekuwa na hivyo hufanya mtihani. Kampuni ya wafanyakazi 50 na zaidi ilitakiwa kupata cheti kwamba inaendeshwa kwa Kifaransa. Kijana wa miaka 25 aliyetoka McGill, chuo kikuu cha Kiingereza, mwaka 1978 na Kifaransa cha kuombea maji alikuwa na njia mbili, aidha mwaka wa masomo ya lugha au barabara ya 401 kwenda Toronto.

Wengi walishika barabara. Sensa ya 1971 ilihesabu zaidi ya Wayahudi 110,000 Quebec, karibu wote Montreal. Kufikia 2001 walikuwa takriban 93,000, na pengo hilo linaficha ukubwa wa waliohama, maana katika miaka hiyo hiyo maelfu waliingia kutoka Moroko na kwingineko. Toronto ikawa jumuiya kubwa kuliko zote Kanada. Tusidanganyane, Sheria ya 101 haikuwa sababu pekee. Mabenki na bima yalikuwa yameanza kuhamia Toronto kabla, na Sun Life ilipotangaza kuondoka Januari 1978 ilikuwa inafuata mkondo uliokuwepo. Lakini waliohama walikuwa wa rika moja, vijana wenye shahada, na hilo ndilo lililouma. Wazazi walibaki na nyumba zilizoshuka bei na taasisi zilizojengwa kwa watu wengi zaidi. Sinagogi huweza kuunganishwa na jingine, lakini makao ya wazee hayapungui kwa sababu vijana wameondoka, yanaongezeka. Mfuko wa jumuiya ukajikuta unahudumia wazee wengi zaidi kwa wachangiaji wachache zaidi.

Waliobaki walifanya kazi ambayo haikuandikwa sana kwa sababu haikuwa na kelele. Shule za binafsi za Kiyahudi zilikuwa zimeanza kupata ruzuku ya jimbo mwishoni mwa miaka ya 1960. Ruzuku ya Quebec kwa shule binafsi ni takriban asilimia 60 ya kile anacholipiwa mwanafunzi wa shule ya umma, kwa masomo ya kawaida tu. Masomo ya dini na Kiebrania hulipwa na mzazi. Serikali ya PQ haikuikata. Badala yake ilidai saa nyingi zaidi za Kifaransa, na viongozi wa shule wakakaa mezani wakakubali. Ratiba ya mtoto ikawa Kifaransa, Kiingereza, Kiebrania, na katika baadhi ya shule Kiyidishi juu yake. Siku ya shule ikarefuka, walimu wa Kifaransa wakatafutwa kwa taabu, na gharama ikapanda. Shule iliyokataa masharti ingeweza kuacha ruzuku na kufundisha kwa Kiingereza itakavyo, kwa kuwa shule isiyo na ruzuku haifungwi na kanuni ya hati, ila karo ingekuwa juu mno kwa familia ya kawaida. Matokeo ni kwamba kizazi kilichozaliwa baada ya 1977 kinaongea Kifaransa bila shida, na kwa suala la lugha vita vilikwisha kimyakimya.

Ruzuku yenyewe imebaki kidonda. Januari 2005 serikali ya chama cha Liberal, ambacho Wayahudi wengi hukipigia kura, ilitangaza ruzuku kamili kwa shule za Kiyahudi kwa masomo ya kawaida. Mpango ulikuwa umeandaliwa bila mjadala wa wazi. Umma ulipolipuka, serikali ikaufuta ndani ya siku chache. Mkataba mdogo uliofikiwa na wapinzani miaka ya 1970 ulidumu, na ule mnono uliotolewa na marafiki haukumaliza mwezi.

Kundi jingine halikuhitaji kujifunza chochote. Wayahudi wa Moroko walianza kufika mwishoni mwa miaka ya 1950, wengi wakiwa wamesoma kwa Kifaransa kwao. Walikuta taasisi za Kiyahudi zikiendeshwa kwa Kiingereza na watoto wao wakisukumwa kwenye shule za Kiingereza. Wakaunda vyama vyao, na mwaka 1969 wakafungua École Maïmonide, shule ya Kiyahudi ya Kifaransa. Kabla yao, mwaka 1954, Naïm Kattan aliyezaliwa Baghdad alikuwa ameanzisha jarida la Kiyahudi la Kifaransa mjini humo. PQ walidhani wamepata washirika. Walikosea kidogo: Wasefardi, ndio hawa wa Moroko, waliunga mkono Kifaransa kwa moyo, na wakakataa kujitenga karibu sawa na Waashkenazi, wale wenye asili ya Ulaya Mashariki. Watu waliokwisha ondoka Moroko wakati wa msisimko wa kitaifa hawakuwa na hamu ya kuanza tena. Hata hivyo walikuwepo Wayahudi ndani ya PQ. David Levine aligombea kwa tiketi yake katika uchaguzi mdogo wa D'Arcy-McGee, jimbo la uchaguzi lenye Wayahudi wengi, mwaka 1979, akashindwa, na mwaka 1998 alipopewa hospitali ya Ottawa kuiongoza alizomewa na Waingereza wa huko kwa ajili ya kura hiyo ya miaka 19 nyuma. Baadaye akawa waziri Quebec.

Kuhusu kujitenga hakukuwa na mashauri. Mwaka 1980 Hapana ilishinda kwa karibu asilimia 60, na kwa mitaa ya Kiyahudi suala lilikuwa limefungwa. Kuelekea 1995 tawi la Quebec la Canadian Jewish Congress liliungana na mabaraza ya Wagiriki na Waitaliano, na hesabu yao ilikuwa nyepesi: jamii tatu zikisema kwa sauti moja, hakuna hata moja itakayoonyeshewa kidole peke yake. Tarehe 30 Oktoba 1995 Hapana ilipata 50.58% na Ndiyo 49.42%, tofauti ya kura 54,288. Katika jimbo la uchaguzi la D'Arcy-McGee Hapana ilipita asilimia 95. Usiku huohuo waziri mkuu Jacques Parizeau alisema wameshindwa kwa sababu ya pesa na kura za makabila. Alijiuzulu kesho yake. Ule muungano wa jamii tatu haukuzuia kidole, ila uliwafanya walionyooshewa wawe wengi.

Kidole kilirudi Desemba 2000, Yves Michaud, mzalendo mkongwe aliyetaka ubunge, alipolalamika hadharani juu ya vituo vya kura vya 1995 huko Côte-Saint-Luc, mji wenye Wayahudi wengi, ambako hakuna hata mmoja aliyepiga Ndiyo, na kuongea juu ya mateso ya Wayahudi kwa dharau. Bunge la Quebec lilimlaani kwa kauli moja, wabunge wa PQ wakiwemo, na Lucien Bouchard akajiuzulu uwaziri mkuu wiki chache baadaye huku mgogoro huo ukiwa umekipasua chama. Kwa maoni yangu hapo ndipo jumuiya ilipopata uhakika kwamba mipaka ipo na kwamba wazalendo wenyewe ndio wanaoilinda.

Mabango ya maduka yalikuwa na njia yake. Sheria ya 101 ilitaka Kifaransa peke yake. Desemba 1988, katika kesi ambayo duka la viatu la Brown's lilikuwa mmoja wa walalamikaji, Mahakama ya Juu ilisema Quebec inaweza kudai Kifaransa kitawale lakini si kufuta lugha nyingine. Waziri mkuu wa Quebec, Robert Bourassa, akatumia kifungu cha 33 cha Mkataba wa Haki wa Kanada, kinachoruhusu bunge kuiweka sheria nje ya mkono wa mahakama kwa miaka 5 kila mara. Mawaziri watatu walijiuzulu, mmoja wao Herbert Marx, mbunge wa D'Arcy-McGee, na mwaka uliofuata kiti chake kikachukuliwa na Robert Libman wa Equality, chama kipya cha watetezi wa Kiingereza. Mwaka 1993 sheria ililegezwa: lugha nyingine inaruhusiwa mradi Kifaransa kiwe kikubwa mara mbili.

Mwaka 1996, Pasaka ya Kiyahudi ikikaribia, wakaguzi wa lugha waliagiza matza, mkate usiotiwa chachu wa sikukuu hiyo, na bidhaa nyingine za kosher, yaani halali kwa sheria ya Kiyahudi, ziondolewe madukani kwa kukosa lebo ya Kifaransa. Bidhaa hizo hutoka Marekani, huuzwa wiki chache kwa mwaka, na mtengenezaji hatachapa pakiti mpya kwa soko dogo namna hiyo. Habari ilichekwa duniani. Ufumbuzi ulikuwa wa kiofisi kabisa: bidhaa za Pasaka zikasamehewa lebo kwa kipindi kinachoanza kabla ya sikukuu na kuisha muda baada yake.

Kisha suala likageuka kutoka lugha kuwa dini, na hapo jumuiya ikaacha kujadiliana. Novemba 2013 serikali ya PQ ilipowasilisha muswada wa kukataza alama za dini kwa watumishi wote wa umma, hospitali zilipewa nafasi ya kuomba muda wa nyongeza. Hospitali Kuu ya Kiyahudi, iliyofunguliwa mwaka ule ule wa mgomo wa Notre-Dame, ilitangaza haitaomba, kwa sababu kuomba ni kukubali kwamba sheria ni halali. PQ waliangushwa Aprili 2014 na muswada ukafa. Sheria ya 21 ya Juni 2019, ya serikali ya François Legault, ilijifunza kutokana na hilo. Iliacha madaktari na wauguzi, ikabana walimu wa shule za umma, polisi na waendesha mashtaka, ikawaachia waliokuwepo kazini mradi wasibadilishe wadhifa, na ikajifunika kifungu cha 33 tangu mwanzo. Shule binafsi za Kiyahudi hazikuguswa. Anayeumia ni mwalimu kijana anayevaa kippah, kofia ndogo ya dini, na anayetaka ajira ya umma, na idadi ya Waislamu wanawake wanaoumia ni kubwa zaidi, jambo lililowakutanisha mahakamani makundi ambayo kwingine hayakai meza moja.

Wahasidi wa mtaa wa Outremont, Wayahudi washika dini sana, wako kando ya haya yote. Kwao utaifa ni mambo ya mtaa: uzi wa eruv juu ya nguzo, unaozungushia eneo ambamo wanaruhusiwa kubeba vitu siku ya Sabato, mabasi, na marufuku ya nyumba mpya za ibada Mtaa wa Bernard, iliyopitishwa kwa kura ya wakazi Novemba 2016.

Sheria ya 96 ya Juni 2022 imerudisha lugha mezani kwa mlango mwingine. Mji wenye hadhi ya lugha mbili ambao wenye Kiingereza kama lugha mama hawafiki nusu huipoteza hadhi hiyo, isipokuwa halmashauri ipitishe azimio ndani ya siku 120 tangu ilipoarifiwa. Katika miji ya Wayahudi kigezo hicho hupotosha: anayejaza Kirusi, Kiebrania au Kiyidishi kwenye sensa hahesabiwi, ingawa barua ya manispaa anaisoma kwa Kiingereza. Kwenye afya, mwongozo wa wizara wa Julai 2024 ulieleweka kutaka mgonjwa anayeomba Kiingereza awe na hati ya kustahiki, ile ile ya shule. Bibi wa miaka 85 aliyezaliwa Poland, aliyefika baada ya vita akiwa mkubwa, hakuwahi kuwa nayo wala hana njia ya kuipata. Baada ya malalamiko wizara ilitoa mwongozo mpya Septemba, ukisema hakuna uthibitisho utakaodaiwa kwa mgonjwa kuhudumiwa kwa Kiingereza. Kifungu chenyewe cha sheria hakijabadilishwa.